Kushoto kwa Nani? Uchambuzi wa Kisa cha Picha za Ubongo Zilizogeuzwa

Kisa ninachokichambua hapa ni cha daktari mmoja anayesomea shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, ambaye utafiti wake unahusu wagonjwa wa kiharusi waliopoteza uwezo wa kusema au wa kuelewa maneno, hali inayojulikana kama afazia. Alikuwa na wagonjwa 11 waliopigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI, na kila mmoja alikuwa na ripoti ya mtaalamu wa radiolojia iliyoeleza kwamba sehemu iliyokosa damu ipo upande wa kushoto wa ubongo. Alijipangia kuzifungua picha hizo kwenye kompyuta yake, kuchora mipaka ya eneo lililoathirika kwa kila mgonjwa, kisha kuyaweka maeneo yote juu ya ubongo mmoja wa mfano ili aone ni wapi yanakutana. Katika wiki ya sita alinitumia picha ya matokeo yake ya kwanza, pamoja na ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Programu tatu zinanionyesha jambo lile lile, na jambo lenyewe haliwezekani." Katika picha ile, maeneo yote 11 yalikuwa yamerundikana upande wa kulia.

Ameniruhusu kukieleza kisa hiki, na nimeacha kila jambo linaloweza kumtambulisha mgonjwa. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu kosa lililotokea halikutokana na uzembe. Daktari huyu ni mtu makini, anayeandika kila hatua kwenye daftari, na daftari hilo ndilo lililotuwezesha kujua mambo yalikwenda vipi. Alichokuwa nacho ni nusu ya maarifa sahihi, naye akaifuata nusu hiyo hadi mwisho wake.

Alivyoanza

Picha za wagonjwa, isipokuwa mmoja nitakayemrudia mwishoni, zilimfikia zikiwa kwenye diski. Ukiifungua diski ya aina hiyo utakuta programu ndogo ya kutazamia, inayojifungua yenyewe, na folda iliyojaa mafaili mengi yenye majina yasiyoeleweka, kwa kawaida faili moja kwa kila kipande cha kichwa. Mafaili hayo yamo katika mfumo wa DICOM, ambao chimbuko lake ni kiwango kilichotolewa mwaka 1985 na chama cha wataalamu wa radiolojia wa Marekani kwa kushirikiana na watengenezaji wa vifaa vya umeme, kisha kikapewa jina hilo la DICOM mwaka 1993. Pamoja na picha, kila faili hubeba maelezo: jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, aina ya mashine, unene wa kipande, na jambo lililo muhimu kuliko yote katika kisa hiki, yaani jinsi kipande hicho kilivyolala kuuhusu mwili wa mgonjwa.

Programu za utafiti wa ubongo hupendelea mfumo mwingine unaoitwa NIfTI, ambamo kichwa kizima huwa faili moja. Nilimshauri aanze na MRIcroGL, programu isiyolipiwa iliyotengenezwa na Chris Rorden, kwa sababu ni nyepesi, hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ndani yake imo dcm2niix, ambayo huibadili folda ya DICOM kuwa NIfTI kwa hatua chache. Kwa kuchora mipaka nilimshauri atumie ITK-SNAP. Baadaye alijiongezea FSLeyes, programu ya kutazamia picha za ubongo ya Chuo Kikuu cha Oxford. Ninamtajia kila anayeanza ukubwa wa mafaili, kwa kuwa wengi huogopa kwamba kompyuta yao haitoshi: mfululizo wa vipande 24, kila kimoja kikiwa na nukta 256 kwa 256, hauzidi megabaiti tatu na kidogo kabla haujabanwa, na hata picha ya T1, aina mojawapo ya picha za MRI, yenye vipande 176 ni megabaiti 23 hivi. Kompyuta mpakato ya kawaida inazimudu.

Kikwazo chake cha kwanza kilikuwa kidogo. Picha ilifunguka ikiwa nyeusi karibu yote, naye akadhani faili limeharibika. Katika picha za CT, zinazopigwa kwa eksirei, kila namba ina maana isiyobadilika, maji yakiwa 0 na hewa ikiwa hasi 1000, hivyo programu inaweza kuwekewa mpaka wa mwanga unaofaa ubongo na ukafaa kila mara. Namba za MRI hazina kipimo cha namna hiyo. Hutofautiana kati ya mashine na mashine, na hata kati ya siku na siku, kwa hiyo mtazamaji hana budi kusogeza mwenyewe kiwango cha chini na cha juu cha mwanga. Alipofanya hivyo, ubongo ukaonekana vizuri, na katika picha za FLAIR, aina nyingine ya picha za MRI, eneo lililoathirika likang'aa jeupe bila kificho.

Hapo ndipo alipoona kwamba limekaa upande wa kushoto wa skrini.

Hatua iliyoharibu kazi

Kwenye programu ndogo iliyokuja na diski, eneo lile lile lilikuwa upande wa kulia wa skrini. Daktari aliandika hivi kwenye daftari lake: "Picha za hospitali huonyeshwa kinyume. Kushoto kwa mgonjwa huonekana kulia. MRIcroGL inaonyesha kushoto, kwa hiyo faili limegeuka wakati wa kubadilishwa. Nirudishe." Kisha akatafuta programu nyingine ndogo ya kuhariri picha za kitiba, akabonyeza kitufe cha kugeuza kulia na kushoto, akahifadhi faili juu ya lile la awali, na akarudia hivyo kwa wagonjwa wote.

Sentensi zake mbili za kwanza ni za kweli. Mtaalamu wa radiolojia huitazama picha kana kwamba amesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, akimwangalia kuelekea kichwani, na ndiyo maana kulia kwa mgonjwa huangukia kushoto kwa mtazamaji, kama inavyokuwa unaposalimiana na mtu uso kwa uso. Watafiti wengi wa ubongo, pamoja na baadhi ya madaktari wa neva, wana desturi nyingine: huutazama ubongo kana kwamba wamesimama nyuma ya mgonjwa au juu ya kichwa chake, na hivyo kushoto kwake kunakuwa kushoto kwao. ITK-SNAP na FSLeyes hufunguka zikifuata desturi ya kwanza. MRIcroGL hufunguka ikifuata ya pili, na menyu yake ina mahali pa kuibadilisha. Kwa hiyo eneo moja linapoonekana kulia kwenye programu moja na kushoto kwenye nyingine, faili halijaharibika. Kilichobadilika ni mahali ambapo programu imemsimamisha mtazamaji.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyofikiri. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na mkono huo ni wa mwenye mwili. Hauwi wa kushoto kwa sababu anayemtazama amehamia upande wa pili wa meza. Katika picha ya ubongo pia, kulia na kushoto ni vya mgonjwa. Skrini nayo ina upande wake wa kulia na wa kushoto, lakini huo si ushahidi wa jambo lolote mpaka ujue umesimamishwa wapi.

Kitufe alichobonyeza hakikumhamisha mtazamaji. Kiliigeuza data yenyewe, kila nukta ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaenda kushoto, huku maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili yakiachwa kama yalivyokuwa. Tangu hapo faili likawa linasema uongo kwa sauti ya ukweli.

Uchunguzi

Nilipoletewa mafaili, jambo la kwanza nililomweleza ni kwamba programu tatu kukubaliana hakuthibitishi chochote. Programu zote husoma maelezo yale yale ya faili lile lile. Maelezo yakiwa hayalingani na data, zitakosea zote kwa pamoja, na kila moja itaweka herufi R (kulia) na L (kushoto) kwa kujiamini. Tulihitaji ushahidi ambao haukutoka kwenye faili hilo.

Tulirudi kwenye diski. Katika maelezo ya DICOM kuna kipengele chenye namba sita zinazoeleza mwelekeo wa kipande. Kwa mgonjwa wa kwanza zilikuwa 1, 0, 0, 0, 1, 0. Tatu za mwanzo zinaeleza mstari wa picha unakwenda wapi. Katika DICOM namba ya x, ile inayopima nafasi ya kulia na kushoto, huongezeka kuelekea kushoto kwa mgonjwa, kwa hiyo mstari huanzia kulia kwake na kuishia kushoto kwake. Tatu za mwisho zinaeleza kwamba safu huteremka kutoka usoni kuelekea kisogoni. Namba hizi huandikwa na mashine wakati wa kupiga picha, kutokana na jinsi mgonjwa alivyolazwa na mhudumu alivyoingiza maelezo ya mlalo wake.

Kisha tukaangalia faili la NIfTI. Hapa kuna mtego, kwa sababu NIfTI huhesabu kwa mwelekeo ulio kinyume na DICOM katika jambo hili: namba ya x huongezeka kuelekea kulia kwa mgonjwa. Upana wa picha ulikuwa milimita 240 uliogawanywa kwa nukta 256, yaani milimita 0.9375 kwa kila nukta, na katika maelezo ya faili hatua ya kwanza ilisomeka hasi 0.9375. Alama hiyo ya hasi ilikuwa sahihi kabisa: inasema kwamba ukisonga nukta moja mbele kwenye mstari, unasogea kuelekea kushoto kwa mgonjwa, sawa na DICOM ilivyosema. Mimi mwenyewe niliwahi kuona mtu akiifuta alama hiyo akidhani ni kosa la hesabu, na namwonya kila anayeanza asiiguse.

Tuliibadili upya folda ya diski kwa dcm2niix, tukapata faili jipya ambalo halijaguswa. Maelezo ya faili jipya na yale ya faili la zamani yalilingana kwa kila namba. Tukafungua jipya katika MRIcroGL, tukaweka la zamani juu yake kwa rangi nyekundu. Fuvu lililingana karibu kote, kwa kuwa kichwa cha binadamu kinafanana pande zote mbili. Lakini eneo jeupe la faili jipya na eneo jekundu la faili la zamani yalikaa pande tofauti, yakitazamana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Daktari alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa sahihi kabla sijarekebisha."

Aliniuliza kwa nini hatua ya kuulinganisha ubongo wa kila mgonjwa na ule wa mfano haikugundua kosa. Ubongo huo wa mfano, unaoitwa MNI152, ni wastani wa vichwa vya watu 152 ulioandaliwa kutokana na kazi ya Taasisi ya Neva ya Montreal nchini Kanada, na programu ya kulinganisha husogeza, huzungusha na kunyoosha picha ya mgonjwa hadi ifanane nao. Lakini kiatu cha kushoto, hata ukizungushe na kukinyoosha namna gani, hakiwi cha kulia. Na kwa sababu pande mbili za ubongo zinafanana sana, programu ilipata mlingano mzuri, haikulalamika. Kama zingekuwa picha za kifua au tumbo, kosa lingeonekana siku ile ile, maana moyo ungeonekana umehamia kulia na ini kushoto. Ubongo hauna kiungo cha namna hiyo. Kuna tofauti ndogo, kwa mfano sehemu ya nyuma ya ubongo kwa watu wengi hutokeza zaidi upande wa kushoto na ya mbele upande wa kulia, ila tofauti hiyo haitoshi kumhukumia mgonjwa mmoja.

Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba kosa hili lilionekana kwa sababu ya mada ya utafiti tu. Wagonjwa wote walikuwa na afazia, na inafahamika tangu karne ya 19 kwamba lugha kwa watu walio wengi hutegemea upande wa kushoto wa ubongo. Kwa hiyo picha 11 zote kuonyesha upande wa kulia kulimshtua. Kama angekuwa anachunguza kifafa au maumivu ya kichwa, matokeo yaliyogeuzwa yangeonekana ya kawaida, yangeandikwa, na huenda yangechapishwa.

Njia ninayomfundisha sasa kila anayeanza haitegemei desturi ya programu yoyote. Weka alama ya msalaba katikati ya ubongo, kwenye mpasuko unaotenganisha pande mbili, usome namba ya x. Kisha isogeze hadi kwenye eneo lililoathirika, usome tena. Namba ikipungua, umeelekea kushoto kwa mgonjwa kwa mujibu wa faili; ikiongezeka, umeelekea kulia. Linganisha namba hizo mbili, usiitegemee sifuri, kwa kuwa kabla picha haijalinganishwa na ubongo wa mfano sifuri ni katikati ya mashine, na kichwa cha mgonjwa si lazima kiwe kimelala hapo hasa. Zoezi hili huchukua chini ya dakika moja, na jibu lake ni lile lile hata skrini ikigeuzwa. Ila linakwambia faili linasema nini, na ili ujue faili linasema kweli huna budi kuwa nalo lile lililotoka kwenye mashine. Ndiyo maana sheria yangu ya kwanza kwake ilikuwa diski zisiguswe, na kila faili lililobadilishwa lihifadhiwe kwa jina jipya.

Daftari lilituonyesha pia kosa la pili ambalo hakuna aliyeliuliza. Programu ya dcm2niix, isipopewa maelekezo mengine, huanza jina la faili kwa jina la folda. Daktari alikuwa ameziita folda zake kwa majina ya wagonjwa. Kwa hiyo, ingawa faili la NIfTI lenyewe halikubeba jina ndani yake, jina lilikuwa limeandikwa nje yake, na mafaili hayo alikuwa ameyatuma kwa barua pepe. Tulizibadili folda zote kuwa namba kabla ya kuanza upya, na orodha ya kuoanisha namba na majina ikabaki kwenye kabati la idara. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa uzito zaidi. Lakini hata pasipo sheria, mgonjwa aliyepoteza sauti yake hawezi kutuuliza picha ya kichwa chake imefika wapi. Nilimwonyesha pia kwamba picha ya T1 ikigeuzwa kuwa umbo kamili huonyesha uso, pua na masikio, na kwamba zipo programu za kuuondoa uso kabla ya kumpatia mtafiti mwingine picha.

Faili la mgonjwa wa 11

Wagonjwa 10 walirekebishika kwa kazi ya siku mbili. Wa 11 hakuwa na diski. Picha zake zilitoka kituo kingine alikotibiwa awali, nazo zilikuja kama jozi ya mafaili, moja la maelezo na jingine la data. Jozi ya namna hii inaweza kuwa NIfTI, na inaweza kuwa mfumo wa zamani zaidi uitwao Analyze, ulioanzia Kliniki ya Mayo huko Marekani. Mafaili ya maelezo ya mifumo yote miwili yana baiti 348. Hutofautishwa na herufi chache za mwishoni: NIfTI ya jozi huandika hapo "ni1". Katika faili letu mahali hapo palikuwa patupu. Lilikuwa Analyze, mfumo usioeleza kwa namna ya kutegemewa upande upi ni wa kulia, na programu inapolifungua hulazimika kukisia kwa kufuata mazoea yake.

Daktari alitoa hoja yenye uzito. Ripoti ya radiolojia ilisema kushoto, picha ina eneo moja tu lililoathirika, na mgonjwa alipooza mkono na mguu wa kulia. Kwa nini tusiigeuze picha hadi eneo likae kushoto? Kwa kumweleza mgonjwa huyu peke yake ningekubali. Lakini ramani yake ilikusudiwa kuonyesha maeneo yanakutana wapi kwa watu wenye afazia, na picha iliyowekwa upande fulani kwa sababu mgonjwa ana afazia haiwezi tena kuhesabiwa kama ushahidi kwamba afazia inatoka upande huo. Isitoshe, wapo watu wachache ambao afazia yao hutokana na upande wa kulia. Kile kituo kilipoulizwa, kilijibu kwamba picha za awali zilikuwa zimeshafutwa.

Tulikubaliana kwamba mgonjwa wa 11 abaki kwenye jedwali la maelezo ya kitabibu, na nafasi yake ya upande wa ubongo iachwe wazi, ikiwa na maelezo mafupi ya sababu. Ramani ikachorwa kwa wagonjwa 10. Nilipoiona, maeneo yalikutana upande wa kushoto, kuzunguka mpasuko wa pembeni wa ubongo.

Kwa wagonjwa wapya, daktari aliomba idara ya picha imsaidie kwa jambo moja: kabla mgonjwa hajaingia kwenye mashine, kidonge cha mafuta ya samaki kibandikwe kwa plasta kwenye panja lake la kulia, juu kidogo ya sikio. Mafuta hung'aa kwenye picha za T1. Wa kwanza alipigwa picha mwezi uliofuata. Daktari alibadili folda, akafungua faili, akaweka alama ya msalaba juu ya ile nukta nyeupe nje ya fuvu, akanisomea namba ya x kwa simu: chanya 78.